Jedwali lisilo na swali ni uvumi

Nimerudi Dar juzi usiku nikitokea Kidodi, na bado nina hasira. Nilisema nilale kwanza zishuke ndipo niandike. Nimelala, zimegoma kushuka. Basi naandika hivyo hivyo. Atakayeona nimezidisha anijibu, uwanja ni wetu sote.

Kwa wasioijua Kidodi: ukitoka Morogoro kwa barabara ya Iringa unapita mbugani, unafika Mikumi mjini, hapo unakata kushoto kuelekea Ifakara. Kidodi unaikuta kabla hujavuka mto Ruaha Mkuu. Bado uko wilaya ya Kilosa. Ng'ambo ya mto ndiko Kidatu, Kilombero. Hii ni nchi ya miwa. Kiwanda kimoja cha sukari kiko Ruembe upande huu, kingine Msolwa upande wa pili, na vijiji vya kati vinaishi kwa kulima miwa ya kupeleka huko. Mkulima mdogo ana ekari mbili tatu. Anavuna, miwa inapita mizani, anapewa risiti, kisha anasubiri malipo yanayotegemea tani na sukari iliyopimwa ndani ya miwa yenyewe. Tena muwa hausubiri mtu. Ukishachomwa na kukatwa, sukari inapungua kila siku unayokaa. Kwa hiyo mkulima amezoea kukimbizana na saa. Asichozoea ni kukimbizana na kompyuta.

Shangazi yangu ana risiti tatu, amezifunga kwenye kona ya khanga. Mbili zimelipwa. Ya tatu, ya tarehe 30 Julai, haijalipwa hadi leo. Ameshakwenda ofisi ya chama chao (sitakitaja, na mwisho wa makala mtaona kwa nini) mara nne. Kila akienda anajibiwa kwa adabu kabisa: "Mama, hii haipo kwenye mfumo."

Haipo kwenye mfumo! Hivi ndugu zangu, mmeshajiuliza hii sentensi ina maana gani? Risiti ipo. Mizani ipo. Muwa umeshakuwa sukari na pengine umeshaingia kwenye chai ya msomaji mmojawapo wa ukurasa huu. Kisichokuwepo ni mstari mmoja kwenye kompyuta, na mwenye kuumia ni yule aliyeleta muwa.

"Shikamoo shangazi, twende wote," nikamwambia. Tukaenda.

Karani niliyemkuta ni kijana mzuri, mpole, wala hana makuu. Alinikaribisha nikae naye mbele ya kompyuta. Na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu lazima niingie jikoni. Wale wa IT mtaniona nasema mambo ya kitoto. Wengine msiogope, ni rahisi kuliko wanavyotaka muamini.

Kanzidata ya chama ina majedwali matatu ya msingi. Moja la wanachama, moja la mashamba, moja la mizani. Kila risiti ikifika ofisini inaandikwa kwenye jedwali la mizani. Ukitaka kujua nani alipwe nini, unaiuliza kanzidata swali: nipe jina la mwanachama, shamba lake, na tani zake zote zilizopimwa mwezi fulani. Kanzidata inajibu. Jibu lenyewe linakuja likiwa na sura ya jedwali: mistari na safu.

Huo ndio uzuri wa kitu alichotuletea Edgar Codd, mtaalamu wa IBM, mwaka 1970. Wazo lake lilikuwa kwamba data zikae kwenye majedwali, na ukiyauliza majedwali upate jedwali. Jibu nalo unaweza kuliuliza swali jingine. Ni wazo zuri mno, zaidi ya miaka 50 sasa na dunia nzima inaliishi: benki, simu, mahospitali.

Lakini kwa kuwa jibu ni jedwali, kuna kishawishi. Unaweza kulichukua jibu ukaligandisha, ukalipa jina, ukaliweka pale pale kwenye kanzidata kama jedwali jipya. Kwenye PostgreSQL ni amri ya CREATE TABLE AS. Kwa wanaotumia Python, wengi wanachukua pandas, chombo alichoanza kukiandika Wes McKinney mwaka 2008, ambacho kwenye kazi hii mara nyingi kinaegemea SQLAlchemy ya Mike Bayer iliyotoka 2006. Unasoma jibu kwa mstari mmoja, unaliandika kama jedwali kwa mstari wa pili. Basi, umemaliza. Sekunde tatu.

Hivyo ndivyo programu ya chama inavyofanya kazi. Iliandikwa na "mtaalamu kutoka Dar" (mjini tuna wataalamu jamani!), akalipwa, akaondoka. Karani anabonyeza, linazaliwa jedwali la malipo ya mwezi. Wanaolipwa ni waliomo humo, na ambaye hayumo HAYUPO KWENYE MFUMO.

Sasa ya shangazi. Muwa wake wa tatu ulipimwa tarehe 30 Julai. Karatasi ikafika ofisini ikaingizwa kwenye kompyuta tarehe 2 Agosti. Jedwali la malipo ya Julai lilishazaliwa tarehe 1 Agosti, kwa hiyo hakuwemo. Likazaliwa jedwali la Agosti: swali lake linataka miwa iliyopimwa kuanzia tarehe 1 Agosti. Muwa wa shangazi umepimwa Julai, kwa hiyo hayumo tena. Amedondoka katikati ya orodha mbili! Kwenye jedwali la mizani yupo, nimemwona kwa macho yangu, jina, shamba, tani. Kwenye majedwali yaliyozaliwa na maswali hayupo popote, wala hatakuwepo milele, hata akienda ofisini mara arobaini.

Ngoja, bado. Karani aliniambia kitu kilichonimaliza kabisa. Alishamsaidia! Mwezi Septemba alimwandika shangazi kwa mkono kwenye jedwali la Agosti. Kesho yake mkulima mwingine akaja kubadilisha namba ya simu, karani akabonyeza tena programu ili jedwali lijisahihishe. Ndani ya programu ile kuna neno moja, replace, maana yake: kama jedwali lipo, livunje, tengeneza jipya. Mstari wa shangazi ulioandikwa kwa mkono ukavunjwa pamoja na nyumba. Hakuna aliyejua. Karani alidhani kalipwa. Shangazi alidhani kadharauliwa.

Sijui nicheke au nilie.

Wapo watakaosema basi tatizo ni hizi programu za kigeni, tuzipige marufuku. Hapana! Msinieleweke vibaya. Chombo hakina kosa. Pandas yenyewe, usipoiambia lolote, ikikuta jedwali lipo INAKATAA. Tabia yake ya kuzaliwa ni kusimama na kutoa kosa. Ni lazima mtu aandike kwa vidole vyake neno replace ndipo ivunje. Mtaalamu wetu alikutana na kosa, likamuudhi, akalinyamazisha. Hakujiuliza kwa nini chombo kilikuwa kinamzuia. Ni kama dereva anayekata waya wa taa ya hatari kwa sababu inamsumbua macho.

Na kuvunja nyumba ni dhambi moja tu. Ziko nyingine tatu, na ndizo zinazonifanya niseme kwamba desturi hii ya "gandisha jibu uliite jedwali" ni desturi mbovu tunaposhughulika na fedha na haki za watu.

Dhambi ya kwanza: swali linapotea. Ukilitazama jedwali la Julai huoni mahali palipoandikwa limetokana na swali gani, lilifanywa saa ngapi, na nani. Unaona majina na fedha tu. Mimi ni mwandishi wa habari. Nikimpelekea mhariri taarifa isiyo na chanzo, isiyo na tarehe, isiyo na aliyesema, ananirudishia, na ana haki. Kitu cha namna hiyo tunakiita uvumi. Lakini kikitoka kwenye kompyuta, kikiwa na mistari iliyonyooka, tunakiita mfumo na tunakisujudia.

Dhambi ya pili: masharti yanabaki nyuma. Jedwali la msingi lililotengenezwa vizuri lina walinzi wake. Kuna ufunguo wa msingi unaohakikisha risiti moja haiingii mara mbili. Kuna sharti kwamba tani haziwezi kuwa tupu. Kuna kamba inayomfunga mwanachama na shamba lake. Kwenye PostgreSQL ukiunda jedwali kwa CREATE TABLE AS unapata majina ya safu, aina zake na data. Walinzi wote wamebaki nyumbani: hakuna ufunguo, hakuna masharti, hakuna faharasa. Pandas nayo haikuwekei ufunguo wa msingi. Kwa hiyo ukibonyeza mara mbili kwa namna ya kuongeza, mkulima anaonekana mara mbili na kompyuta haishtuki. Leo shangazi kakosa, kesho mwingine kalipwa mara mbili, keshokutwa watu wanaitana wezi kwenye mkutano mkuu. Wizi wenyewe haupo, kilichokosekana ni mlinzi.

Dhambi ya tatu nitaieleza kwa reli, maana watu wa Kidodi wanaijua. Kidatu ndipo reli ya kati, tawi linalotoka Kilosa kupitia Mikumi, inapokutana na TAZARA. Zinakutana lakini haziungani! Ya kati ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vichache, na behewa halipiti. Ndiyo maana mwaka 1998 kilifunguliwa pale kituo cha kuhamishia mizigo: shusha hapa, pakia pale. Na kila anayeshusha na kupakia anajua kuna magunia yanayochanika.

Kutoa data kwenye kanzidata, kuzipitisha pandas, halafu kuzirudisha kwenye kanzidata ile ile ni kushusha na kupakia. Fedha iliyohifadhiwa kama desimali kamili inasomwa, kwa kawaida yake, kama namba ya kukadiria, na jedwali jipya linazaliwa na aina hiyo. Safu ya namba za uanachama ikiwa na mtu mmoja asiye na namba, safu nzima inageuka: 1045 inakuwa 1045.0. Na yule anayepitishia faili la CSV katikati, namba ya simu inayoanza na 0 inaweza kuvuliwa sifuri yake. Mlipe mtu kwa simu kwa namba isiyo na sifuri tuone. Magunia yamechanika, na kilichonishangaza ni kwamba HAPAKUWA na sababu ya kushusha mzigo. Reli ilikuwa moja!

Najua jibu la wataalamu, nimeshalisikia sana kwenye vijiwe vya kahawa vya Sinza na Mikocheni. "Bwana mwandishi, wewe huelewi. Orodha ya malipo LAZIMA igandishwe. Huwezi kulipa watu kwa orodha inayobadilika kila dakika." Nakubali. Tena nakubali kwa moyo mmoja. Kufunga hesabu ni kugandisha. Daftari la wapigakura nalo lazima lifike mahali lifungwe. Lakini angalieni linavyofungwa: daftari la awali linabandikwa hadharani kwanza, watu wanatazama majina yao, wanaweka pingamizi, wanasahihishiwa. Yaani jibu linarudishwa kwa wenyewe kabla ya kuwa sheria. Ubishi wangu ni na wanaogandisha gizani, halafu wakasahau kwamba waligandisha.

Na msidhani haya ni mambo ya shangazi na miwa tu. Orodha ni uhai wa mtu. Mnakumbuka Aprili 2017, orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi ilipokabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma? Waliopinga walipewa nafasi ya kukata rufaa, na ilikuwa sahihi wapewe. Mwaka uliofuata, 2018, Serikali iliagiza watumishi wa darasa la saba walioondolewa kazini, ambao waliajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, warejeshwe. Sisemi kompyuta ndiyo iliyokosea, wala sijui nani aliuliza nini kwenye kanzidata gani. Nasema tazameni uzito wa tarehe moja. "Kabla ya 20 Mei 2004." Kwenye swali la kanzidata hilo ni sharti la mstari mmoja. Likiwemo, mtu yuko kazini. Lisipokuwemo, mtu yuko nyumbani na watoto wanamtazama. Sasa niambieni tena kwamba swali halina haja ya kuhifadhiwa.

Isitoshe kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu ahakikishe ni sahihi, na inampa mwenye taarifa haki ya kusahihishiwa. Utamsahihishia vipi shangazi wakati jina na simu yake viko kwenye majedwali kumi na manne yaliyozaliwa na maswali kumi na manne (nimeyahesabu), na hakuna anayejua lipi ni baba na lipi ni mjukuu? Kila nakala isiyo na chanzo ni mahali pengine pa kukosea, na ni mlango mwingine wa kuibiwa.

Haya, kulalamika tu hakusaidii. Nini kifanyike? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, unda jedwali KABLA ya kulimimina. Liandike kwa mkono: safu zake, aina zake, ufunguo wake, masharti yake. Kisha mimina jibu ndani yake. SQLAlchemy ina njia ya insert yenye from_select inayotuma amri moja tu, na kanzidata inajichotea na kujimiminia yenyewe. Mzigo haushuki kwenye behewa. Mkulima akitaka kuingia mara mbili, mlinzi anamzuia mlangoni.

Pili, jibu lifungwe pamoja na swali lake. Kama hulazimiki kugandisha, tumia mtazamo, yaani swali lenye jina, linalojibiwa upya kila unapolifungua. Kama unahitaji lihifadhiwe, PostgreSQL tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013 ina mtazamo unaohifadhi jibu na swali kwa pamoja, unauambia ujisasishe unapotaka. Na kama ni orodha ya kufunga hesabu, weka safu za ziada: ilifanywa lini, kwa swali lipi, na nani.

Tatu, neno replace lisiguse kamwe jedwali ambalo binadamu ameandika kitu kwa mkono. Masahihisho ya mkono yawe na jedwali lake, na programu ilisome kila inapobonyezwa.

Nne, na hili ni la chama, si la mtaalamu: baada ya kila orodha uliza swali moja la kinyume. Risiti zipi ziko kwenye mizani na haziko kwenye orodha YOYOTE ya malipo? Niliiandika pale pale mbele ya karani, mistari mitano. Ikajibu. Shangazi alikuwemo, na hakuwa peke yake. Walikuwa kumi na saba. Watu kumi na saba ambao kila mmoja alikuwa anadhani ni mkosi wake binafsi.

Chama sijakitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza, karani alinisikiliza, akaichapa ile orodha ya kumi na saba, akaibandika mlangoni. Ya pili ni aibu yangu. Nimerudi Dar, nimefungua kompyuta yangu mwenyewe, nikakuta majedwali ya bei za vyakula niliyotengeneza mwaka juzi kwa ajili ya makala. Jedwali la kwanza, la pili, "la_mwisho", "la_mwisho_kabisa". Yametokana na maswali gani? Sikumbuki. Zile namba nilizichapisha. Kwa hiyo kidole kinachomnyooshea mtaalamu wa Dar, vitatu vinanitazama mimi.

Shangazi bado hajalipwa. Ameambiwa asubiri kikao. Ila wakati naondoka alinisindikiza hadi kituoni, akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo mfumo ulikuwa unanijua muda wote?"

Nikamwambia ndiyo shangazi, ulikuwa unakujua.

"Sasa mbona hawakuuliza?"

Nimeshindwa kumjibu. Wataalamu mnaosoma hapa, mjibuni nyinyi. Nawasilisha.